Kuyeyusha bonge hapa Moshi, au kukimbilia Dar?

Hapa Moshi mtu akibanwa na kifua usiku, vidonda vya tumbo ndivyo hushukiwa kwanza. Atatafuna magnesiamu, atalala akingoja kuche. Mara nyingi ni kiungulia kweli. Ila kama bonge la damu limeziba mshipa wa moyo, msuli wa moyo unakufa huku yeye akingoja: hilo ndilo shambulio la moyo.

Jina "dawa za kuyeyusha damu" limewachanganya wengi. Aspirini huzuia chembe sahani, chembe za damu zinazosaidia kuigandisha, zisishikamane, heparini huzuia bonge lisikue, na streptokinesi ndiyo inayolivunja. Hakuna inayoigeuza damu kuwa maji, ingawa mtaani utaapiwa hivyo.

Wanaotaka dawa hizi zitolewe mapema wana hoja nzito. Katika utafiti wa ISIS-2 uliotangazwa mwaka 1988, wenye wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo, waliopewa aspirini na streptokinesi walikufa 8 kati ya 100 ndani ya wiki tano. Wasiopewa yoyote, 13. Tena aspirini peke yake, kidonge cha bei ya andazi, ilisaidia karibu sawa na streptokinesi peke yake.

Daktari anayesita naye simwiti mwoga. Dawa ya kuvunja bonge huweza kumvujisha damu ubongoni takriban mgonjwa mmoja kati ya 100, na presha ikiwa juu hatari huzidi. Wangapi kwetu wanaijua presha yao? Halafu kuna maumivu ya kifua yatokanayo na kuchanika kwa mshipa mkuu utoao damu moyoni. Huyo ukimchoma streptokinesi umemmaliza.

Wapo wanaosema apelekwe Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, azibuliwe kwa puto, yaani kiputo kinachopitishwa ndani ya mshipa hadi palipoziba na kujazwa. Puto ni bora, ikiwa litafika ndani ya dakika 120 hivi. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 500. Hata kwa ndege ya KIA, hadi gari lipatikane na ndugu wachangishane, saa mbili zimekwisha, na dawa hufanya kazi vizuri zaidi katika saa tatu za mwanzo.

Kwangu, ugomvi wa dawa gani unakuja mapema mno. Kwanza kipimo cha umeme wa moyo, na presha ipimwe. Karatasi inayochorwa na kipimo hicho hupigwa picha ikatumwa kwa bingwa kwa simu. Akithibitisha, na hakuna cha kuzuia dawa, achomwe streptokinesi hapa hapa kisha asafirishwe. Aspirini mgonjwa anaweza kuitafuna hata kabla ya hapo. Lakini mzee wa Rombo ambaye vidonda vyake vya tumbo viliwahi kutoa damu, hata kidonge hicho ningengoja karatasi isomwe.