Saa ya kuhesabu hatua isiwe askari wa mtoto

Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo hupona kidonda baada ya wiki kadhaa, lakini katazo la kucheza huweza kumwandama kwa miaka. Bibi humwambia atulie, mwalimu humketisha chini ya mwembe wenzake wakicheza rede, na mama, ambaye hajasahau jinsi midomo ya mwanawe ilivyokuwa ikigeuka bluu, hathubutu kuwapinga. Kwa sababu hiyo naunga mkono watoto waliozaliwa na ugonjwa wa moyo kuvalishwa saa za kuhesabu hatua, ingawa sababu yangu si ile wanayoitangaza wauzaji.

Saa hizo hutambua mtikisiko wa mkono, na nyingi humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi ili kukadiria mapigo ya moyo. Hazioni tundu ndani ya moyo wala valvu, yaani vilango vyake vya kupitishia damu, na mkanda ukilegea namba za mapigo hupotoka. Mzazi atakayezikodolea macho usiku kucha atajitia hofu bure.

Faida yake hasa ni mwenendo wa wiki nyingi. Ikiwa hatua za mtoto zilikuwa zikiongezeka, kisha zikaanza kupungua wiki hadi wiki bila homa wala mitihani, mzazi ana sababu ya kumpigia daktari kabla ya tarehe ya kliniki, jambo ambalo si dogo kwa familia inayosafiri kutoka Kigoma hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Zikiendelea kupanda, naye akiwa hana dalili mbaya, mama ana cha kumwonyesha mwalimu.

Lengo la hatua 10,000, lililoenezwa na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, halikutokana na uchunguzi wa watoto hawa, kwa hiyo lifutwe. Shirika la Afya Duniani hupendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17, lakini aliyezibwa tundu dogo si sawa na mwenye chumba kimoja tu cha kusukuma damu. Kiwango cha kila mmoja kipangwe na daktari wake, na anayesikia kizunguzungu apumzike, hata kama saa inamhimiza aendelee.

Fedha zikitosha saa au nauli ya kliniki, nauli itangulie. Daftari nalo linafaa: leo ametembea hadi shuleni, amepumzika mara mbili, mara ya pili akachuchumaa.