Fremu zimejaa Moshi, niacheni na gereji yangu

Naomba niliseme hili mara moja, ili tukikutana msibani au kwenye kipaimara tuongee mengine: gereji ninayojenga Mabogini, nje kidogo ya Moshi, siyo ya biashara, haitageuzwa fremu za maduka, haitakuwa ukumbi wa sherehe, na wala sijachanganyikiwa. Ni gereji ya nyumbani. Mita 15 kwa 10, ukuta mita 4 kwenda juu, kwa ajili ya Landrova 109 (ile ndefu), pikipiki za zamani, na magari ambayo wenye nayo wameyaachia kuku watagie mayai.

Kilichonichokoza ni Krismasi. Mnaijua Moshi ya Desemba, kila aliyepanda kutoka Dar amepanda na ushauri wake kwenye buti. Shemeji yangu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alisimama juu ya msingi wangu, mikono kiunoni, akapima kwa hatua kutoka kona hadi kona, halafu akaniambia kwa ile sauti ya chini ya kumpa mtu pole: "Shemeji, hapa fremu nane zinakaa. Na choo cha nje."

Nikamwambia nimemsikia, na yangeishia hapo. Lakini wiki ileile nikapata habari kwamba Peugeot 404 pikapu ya baba mdogo, iliyokaa nyuma ya banda la ng'ombe miaka nenda rudi, imeuzwa chuma chakavu. Kwa kilo! Vijana walikuja na mitungi ya gesi na mizani ya kuning'iniza, wakaikata vipande palepale, wakaipakia kwenye Canter, wakaondoka. Nilipomuuliza baba mdogo, akanijibu kwa amani kabisa: "Si ilikuwa inaziba njia ya majani, mwanangu."

Sasa hebu tuulizane, 404 ni gari gani? Ni gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, mwaka 1968 yakamaliza tena 7 tu, mengine yote yakabaki kwenye matope, na mara zote mbili aliyefika wa kwanza ni 404. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Watoto wetu wanajua nani kafunga goli la dakika ya 90 Manchester, hili la nyumbani hawalijui, na ushahidi wenyewe tunaupima kwa mizani ya chuma chakavu.

Halafu tunajidai tunapenda magari ya zamani. Oktoba 2024 wenzetu wa Arusha walijaza mji Landrova kwenye lile tamasha lao, na sisi wa Moshi tukashuka, tukapiga picha, tukaposti, tukaandika "hii ndiyo chuma". Nataka nijue ni wangapi kati yetu tuliorudi nyumbani tukaenda kuiangalia ile iliyolala chini ya mparachichi kwa babu. Haya.

Watu wanasema magari haya yanakufa kwa kukosa spea. Si kweli. Spea za Landrova za Series, yaani zile za zamani, zinatengenezwa upya mpaka leo. Za pikipiki ya Honda C90 utapata, za Kichina au za kweli, kwa mfuko wako ulivyo. Hata 404, ukiwa na subira na mtu wa kukubebea, vitu vingi vinapatikana. Magari haya yanakufa kwa kukosa paa. Na naomba mnielewe vizuri hapa: gari zima likipaki nje linaweza kuvumilia kwa muda. Linalokufa ni lile lililofunguliwa.

Mnaijua hadithi yake, imetokea kwenye kila ukoo. Mtu anapata hela kidogo, anaamua kulifufua gari la marehemu baba. Anaita fundi, gari linafunguliwa pale uani, injini chini, milango imeegemezwa ukutani, viti viko stoo juu ya magunia ya mahindi. Giaboksi imepelekwa mjini "kuangaliwa". Ada za shule zinafika. Masika inafika. Turubai linachanika. Mtoto anachukua beringi kutengenezea kigari cha mbao. Fundi anahamia Babati. Baada ya hapo hakuna tena gari, kuna mabaki, na mabaki hayana mtetezi siku mnunuzi wa chuma akipita na kipaza sauti.

Landrova ndiyo inayodanganya watu kuliko zote. Bodi yake ni aluminiamu. Waingereza walipoanza kuitengeneza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Kwa hiyo inakaa nje miaka ishirini na bodi haili kutu, unaipiga ngumi unasema bado nzima. Lala chini uangalie chasisi. Ile ni chuma, ndani ni mwanya mtupu, maji na udongo vimeingia na vimekaa humo. Ya kwangu, nilipochokonoa kwa bisibisi karibu na mshikio wa springi ya nyuma, bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Na aluminiamu ndiyo hasa wanayoitafuta wanunuzi, kwa sababu bei yake kwa kilo inaizidi ya chuma mbali sana. Kuna Landrova za mlimani leo zinapikia ubwabwa.

Ndiyo maana gereji ni kubwa. Kila anayekuja anaanza na ukubwa: "Gari lako ni moja, za nini mita 15?" Jamani, gari moja lililofunguliwa ni magari matatu. Chasisi inakaa peke yake katikati, uizunguke pande zote na mashine ya kuchomelea. Bodi inakaa pembeni juu ya magogo. Injini iko kwenye stendi, giaboksi na difu mezani, vioo mahali ambapo hakuna mtu atakayepita na bomba begani. Kisha bado unahitaji pa kusimama. Ukifanya kazi hiyo kwenye kibanda cha gari moja, kila asubuhi unaanza kwa kutoa vitu nje, jioni unarudisha, na kila ukirudisha kuna kitu kimebaki kwenye nyasi. Wikiendi mbili tatu za hivyo unachoka, na ukichoka wewe na gari nalo limekwisha. Pikipiki nazo hivyohivyo, kwa udogo wake.

Nina Honda C90 ya mwalimu mmoja marehemu, familia yake walinipa bure. Ilikuja na kopo la Blue Band limejaa vitu vyake vya kabureta, na kava la injini lenye skrubu zilizolika vichwa vyote. Zile skrubu hazikulika kwa uzee. Skrubu za pikipiki za Kijapani za zamani zina nyota yake, kina chake ni tofauti kidogo na nyota ya bisibisi hizi za dukani, ukikaza nayo inapanda juu na kula kichwa. Mafundi watatu wanne wamepita pale, kila mmoja akala kidogo. Bisibisi sahihi inauzwa. Ila ni kitu cha kukaa kwenye droo, droo iwe kwenye meza, meza iwe chini ya paa.

Kuna kundi jingine la washauri, hawa gereji wameikubali ila wanataka shimo la fundi kuingia chini ya gari. "Mangi, gereji bila shimo ni gereji gani?" Majirani zangu kule wanalima mpunga. Shimo la futi tano litakuwa nini ikifika Aprili, jazeni wenyewe. Na hata lingekuwa kavu nisingelichimba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kutuama pale palipo na bonde. Magari ya zamani yanavuja, hiyo ndiyo tabia yake, na wewe uko shimoni na taa ya waya unagonga kitu kwa nyundo. Cheche moja tu. Kwa hiyo naweka lifti ya nguzo mbili, ndiyo sababu ya ukuta wa mita 4, na jamvi chini ya nguzo nimeagiza limwagwe sentimita 20 na nondo ndani. Matundu ya hewa nimeyaweka juu na mengine chini kabisa, usawa wa sakafu. Fundi ujenzi alidhani nimeishika ramani kichwa chini. Nilimweleza, akatikisa kichwa, akayatoboa huku anacheka.

Umeme nitavuta wa njia tatu kwa sababu ya mashine ya kukereza. Ndiyo, ni ghali. Kelele, jirani wa karibu ni mita sabini na ana mashine ya kukoboa, tusitaniane. Na anayesema injini hizi haziwezi petroli ya siku hizi kwa kuwa risasi, ile metali iliyokuwa ikichanganywa humo na kulinda siti za valvu, iliondolewa: iliondolewa kusini mwa Sahara kote kufikia mwanzoni mwa 2006, na Landrova zimepanda Marangu mpaka jana. Siku ukifungua silinda hedi, weka siti za valvu za chuma kigumu, maisha yaendelee.

Sawa, kuhusu fremu. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zinaleta kodi na gereji yangu haitaleta hata senti. Shemeji amepiga hesabu yake vizuri. Lakini tembeeni kutoka Majengo hadi Pasua mniambie mnaona nini. Kila ukuta unaotazama barabara umetobolewa mlango wa shata. Saluni, M-Pesa, duka la Mangi, saluni, M-Pesa, fremu inapangishwa piga namba hii. Nusu zimefungwa! Tumejenga fremu mpaka wauzaji wamewazidi wanunuzi, na bado mtu akiona mita kumi za ukuta anawashwa kuzitoboa.

Nakubali pia kwamba si kila kizee kinastahili kuokolewa. Kuna chuma ambacho ni chuma tu, na kuna magari yalikuwa mabovu tangu yanatoka kiwandani. Sitayataja, wamiliki wake wana hasira.

Lakini kuna jambo moja sitaki kulifanyia utani. Kuna mzee mmoja wa Kibosho, alikuwa fundi wa magari ya ushirika enzi hizo. Alikuja kuniangalizia pointi za Landrova, kile kiswichi kidogo kinachofungua na kufunga ili plagi zitoe cheche. Hakuja na kifaa chochote cha kupimia. Alichana kipande cha pakiti ya sigara, akakipitisha katikati ya pointi, akaweka sikio pale kama anasikiliza, akakaza skrubu, akakivuta: kikatoka kwa kukwaruza kidogo tu. Baadaye, alipokwisha kwenda, nikapima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ilikuwa palepale kitabu kinaposema, kati ya inchi 0.014 na 0.016. Mzee huyo ana miaka zaidi ya themanini. Pembeni yake alikuwepo kijana aliyetoka VETA, mkali kweli kwa magari ya kompyuta, anayeweza kusoma msimbo wa hitilafu kwa simu yake. Alikuwa hajawahi kuona pointi kwa macho. Akauliza, mzee akamweleza, akauliza tena. Kisha mvua ikaanza kunyesha, tukafunga boneti tukakimbilia barazani, na mzee akaomba arudishwe nyumbani maana miguu inamuuma akikaa kwenye baridi.

Yale mazungumzo yalikatwa na mvua. Nimeyafikiria mara nyingi kuliko nilivyofikiria fremu. Mzee hawezi kufundisha akiwa amechuchumaa kwenye matope. Anahitaji kiti, meza ya kimo chake, mwanga, chai ya tangawizi, na gari lililofunguliwa ambalo litakuwa bado limefunguliwa vilevile wiki ijayo akirudi. Anayajua mambo ambayo kijana hajawahi kuyaona: jinsi Waingereza wa zamani walivyofunga betri, chanya kwenye bodi badala ya hasi, na ni kitu gani kinaungua kwanza kijana wa bodaboda akikugeuzia nyaya kwa kukuonea huruma, spana zipi za inchi zinadanganya kama za milimita, na bolti gani ya Whitworth, kile kipimo cha zamani cha Waingereza, haikubali zote mbili. Huyu akiondoka, hivyo vyote vinaondoka, na hakuna mnunuzi atakayepita na kipaza sauti kuvitafuta.

Tayari tumekubaliana, Jumamosi zake ni za kwangu kuanzia bati likishapanda. Kijana naye anakuja, na amesema ataleta wenzake wawili. Nimeongeza benchi moja kwenye ramani.

Zege la jamvi tunamwaga kabla ya masika, kokoto zimeshafika, mchanga bado dereva ananizungusha. Baba mdogo ameniahidi kwamba Vespa iliyobaki kule stoo haigusi mtu. Na kama kuna mwenye mlango wa kushoto wa 109, wa Series III, hata kama kioo hakuna, aniambie. Usiwe umepigwa rangi ya kijani ya ukutani tu, hiyo nimeshaikwangua ya kutosha.