Mtajiongeza

Yaani pilau ya mwaka mpya bado iko kooni, meseji hiyo kwenye grupu la walimu: "Shule ikifunguliwa kila mwalimu wa darasa awe na kona ya kusoma, tuinue usomaji. Bajeti hakuna, mtajiongeza." Na vikatuni vya kupiga makofi juu.

Januari yenyewe mnaijua. Mshahara wa Desemba ulishaliwa Desemba, mwenye nyumba akipita dirishani anakohoa, na binti yangu wa fomu wani kaja na karatasi ya mahitaji ina jembe, reki, ndoo, fagio la chelewa na rimu, utadhani anaenda kufungua shamba.

Basi mtumishi wa umma nikavaa koti, nikachomeka kalamu mfukoni, nikashuka Mwanza mjini mpaka Makoroboi kutafuta vitabu vya hadithi. Duka zima ni mitihani iliyopita na majibu yake. Hadithi je? "Ticha, hadithi nani anunue, haitoki kwenye mtihani." Maktaba ya mkoa ipo na naiheshimu, ila mtoto wa Kisesa nauli ya kwenda na kurudi nani ampe.

Njaa ikanishika stendi. Nikanunua karanga za 200 kwa mayu mmoja (ndiyo mama kwa Kisukuma), nimemaliza, natafuta pa kutupa karatasi, jicho likaangukia maandishi. Hadithi! Imelowa mafuta kidogo na chumvi imekamatia pembeni, ila Kiswahili kimenyooka, upande huu ukurasa wa 61, upande wa pili 62. Binti katoroka kwao Sengerema usiku, kavuka na kivuko (enzi hizo, siku hizi tangu 2025 angepita zake juu ya daraja la Kigongo–Busisi), kafika Mwanza kwa shangazi, anagonga, mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale hakuwa shangazi, alikuwa... karatasi imeisha.

Alikuwa nani sasa?

"Mayu, niongeze za 200." Karanga nikamwaga mfuko wa koti, karatasi ikawa 17. "Niongeze." Fomu ya mkopo wa kikundi. "Niongeze tena." 105, huku binti ana watoto wawili na baba yao katajwa kwa "yeye" tu mpaka chini! Mayu akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, shikamoo, kwani nyumbani hawapiki?" Shikamoo kanipa mama wa kunizaa, hapo nikajua nimetia aibu. Nikamweleza kwa utulivu wa kitaaluma kwamba natafuta 63. "Aa, hiyo nimemfungia yule wa boda."

Nageuka, kijana kalala juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani, anasoma midomo ikicheza. Naomba karatasi. "Mzee, ngoja nimalize. Kwani 61 unayo wewe? Tumeitafuta hiyo!" Kumbe kijiwe kizima wamo. Kurasa wanazikusanya chini ya siti, wamezifunga na mpira, wanaazimana kwa zamu, ukiitia mafuta unanunua soda. Mimi nimeambiwa nijiongeze, hawa hawakuambiwa na mtu.

Nikauliza kwa mayu, haya makaratasi unayatoa wapi? "Nanunua kwa kilo. Kuna shule walikuwa wanasafisha stoo, wanataka pa kuweka viti vya mahafali."

Shule jamani! Sio baa, sio gereji, shule! Hapo Ukerewe tu, mzee Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitia mwenyewe kwenye Kiswahili, ikaja kuchapwa 1980, mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 mtu anasubiri kitabu, halafu wewe na funguo zako za stoo unapima kwa mzani ili viti vya plastiki vipate pa kulala! Na kesho huyo huyo ndiye atasimama mstarini kuwaambia watoto hawapendi kusoma.

63 nilipewa, kwa kubadilishana na 61, na sisemi aliyefungua mlango ni nani, wale vijana wameniapisha maana kuna mmoja hajafika.

Tatizo sasa ni koti. Mfuko umelowa mafuta ya karanga na ndio koti langu la vikao, na dobi wetu huku Igoma siku hizi anataka hela mbele, halafu anakurudishia vifungo pungufu, ukimuuliza anakwambia ulileta hivyo hivyo. Hivyo hivyo vipi wakati tulivihesabu pamoja, mkeo akiwa shahidi?