Rambirambi za Babu

Tarehe 25 Aprili 2019 Mtwara nzima ilikuwa inakisubiri kimbunga Kenneth. Shule zimefungwa, redio inahimiza watu wahamie sehemu salama, na sisi wa Chikongola virago tayari. Kasoro babu. Aliuliza huyo Kenneth ni mtoto wa nani, akaingiza kuku wake ndani, akakomea mlango.

Mama akaona aambiwe kaka aliyeko Hamburg, maana babu humsikiliza yeye tu. Akabonyeza simu, akaanza:

"Mwanangu, kaa kitako kwanza. Usishtuke. Babu yako tumemwita toka asubuhi, haitiki. Tumegonga mlango, kimya. Ndiyo hivyo, mwanangu, babu yako ame..."

Jogoo mmoja aliyebaki nje akaparamia ungo wa muhogo. Mama akapiga ukelele, "Uwiii!", kidole kikaachia, ujumbe wa sauti ukaenda. Simu nayo ikazima chaji, na umeme hakuna.

Usiku ule kimbunga kikawaangukia wenzetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Sisi tukanusurika.

Kesho yake, sikukuu ya Muungano, Noah ikasimama mlangoni. Mama mdogo wa Masasi akashuka na kanga kiunoni, analia mpaka anashikiliwa. Mjomba kabeba jamvi na sufuria la msiba. Sasa kilio hakiulizwi. Majirani wakajaa, na mama akaangua kilio kuliko wote, akijua aliyekufa ni mtu wa Masasi.

Babu kusikia vile akafungua mlango, akavaa kofia yake, akaja kuketi jamvini. Mjomba akamsogezea nafasi bila kuinua macho.

"Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa. Marehemu ni nani?"

Mjomba akataja jina la babu, la baba yake na la babu yake.

"Aliugua?"

"Hapana mzee, ni huu upepo."

Babu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mama mdogo ndiye aliyegeuka akamwona, na sijapata kumwona mtu mnene akiruka ukuta namna ile.

Kumbe kaka alishamtumia mama mdogo pesa za sanda na mchele. Alipopigiwa akaomba zirudi. Babu akaipokonya simu: "Rambirambi hazirudishwi, mjukuu wangu. Na mwenye msiba ni mimi."

Pilau likapikwa, kwa kuku wa kununua, maana wake hawaguswi. Sinia lilipotua mjomba akanyoosha mkono kwenye firigisi. Babu akaushika.

"Hiyo ya marehemu."