Bafu la mama mdogo na ghorofa za Minneapolis

Wiki iliyopita mdogo wangu kanitumia sauti ndefu kwenye WhatsApp. Jirani wa nyuma ya nyumba yetu Chikongola, Mtwara, anataka kupandisha ghorofa moja, na mama mdogo ameshafika hadi kwa mwenyekiti wa mtaa kupinga. Hoja yake haihusiani na mipango miji. Bafu letu la uani halina paa. "Watu wakae juu huko wanitazame nikioga?"

Nilicheka, kisha nikakumbuka mkutano mmoja hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ninakoishi mwaka wa kumi sasa. Kiwanja cha mtaani kwetu kilikuwa kinataka kujengwa ghorofa nne. Bibi mmoja wa Kizungu akasimama na picha za bustani yake: nyanya zake zitakosa jua. Huyo na mama mdogo ukiwaketisha mkeka mmoja wataelewana bila mkalimani.

Bibi alishindwa, maana sheria ilishabadilika. Desemba 2018 baraza la jiji lilipitisha mpango wa kufuta kanuni ya kiwanja kimoja, familia moja, iliyokuwa imeshika asilimia 70 hivi ya ardhi ya makazi. Tangu Januari 2020 kiwanja kile kile kinaruhusiwa nyumba ya familia mbili hadi tatu, na 2021 likafutwa sharti la kila jengo jipya kutenga maegesho ya magari. Sifa zote zikaenda kwa hizo nyumba za familia tatu. Mimi nikipita nazitafuta kwa macho, ni za kuhesabu. Zilizoongeza makazi hasa ni ghorofa kubwa kandokando ya njia za mabasi na treni. Kati ya 2017 na 2022 nyumba za mjini ziliongezeka kwa asilimia 12, kodi ya pango ikapanda asilimia 1 tu, wakati kwingineko Minnesota ilipanda 14. Kodi yangu haikushuka hata senti, tusidanganyane. Ila mwenye jengo aliacha kuniongezea, na mwaka mmoja akanipa mwezi wa bure ili nisihame.

Ng'ambo ya mto, mji jirani wa Saint Paul, walishika njia nyingine. Novemba 2021 walipiga kura kwamba kodi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Maombi ya vibali vya ujenzi yakaporomoka, na mwaka uliofuata wakalegeza kamba kwa majengo mapya. Siwacheki. Mtu anayepandishiwa kodi mwezi huu hawezi kulala ndani ya ghorofa litakaloisha miaka mitatu ijayo.

Mwenye nyumba kumbembeleza mpangaji, nyumbani nililiona mara moja tu, na hiyo ni hadithi ya gesi. Baada ya ugunduzi wa baharini ulioanza 2010, wageni walimiminika Mtwara. Chumba chetu cha uani cha sh 20,000 mama mdogo akakifikisha 60,000, madalali wakawa wanashinda barazani. Mwalimu aliyekaa kwetu miaka sita akafunga godoro kwenye bodaboda akaenda zake, bila hata kuaga. Kila mwenye kiwanja akajenga. Kisha bomba likaelekea Dar es Salaam, wageni wakapungua, na zile nyumba za kupangishia wazungu zikabaki na popo. Mama mdogo akashusha bei, akampigia yule mwalimu mwenyewe, kwa sauti ya upole ambayo sisi watoto hatujawahi kuisikia.

Kwa hiyo anayeniambia kuongezeka kwa nyumba hakugusi kodi, simwelewi. Lakini binamu zangu wanaosema Mtwara iige Minneapolis, iruhusu tu watu wajenge kwa kubanana, nao siwaelewi. Tunabanana tangu lini? Nyumba yetu ni ile ya vyumba sita na ukumbi katikati: familia sita, majiko sita ya mkaa uani, bomba moja, na ugomvi wa kila usiku wa nani kaacha mlango bila komeo. Hapo sheria haikutuzuia. Kinachozuia ni shimo la choo. Ni moja, na gari la kunyonya majitaka haliingii kwenye uchochoro wetu. Na huyo jirani anajenga kwa tofali la mshahara, mwezi huu mifuko mitatu ya saruji, mwezi ujao nondo, kwa sababu hana hati ya kupeleka benki.

Wakati huohuo viwanja vipya vinapimwa mbali. Ugonjwa huu ni wa zamani: Waingereza waliitanua Mtwara kwa ajili ya mradi wao wa karanga za Nachingwea, mradi ukafa 1951, reli ikaja kung'olewa, barabara pana zikabaki. Mtu anapata kiwanja kikubwa cha ujazo mdogo, yaani eneo la nyumba chache, halafu anachookoa kwenye kodi anamlipa bodaboda kwenda na kurudi sokoni. Fedha ya kupima huko ningeipeleka Chikongola na Magomeni ya Mtwara, ipanue vichochoro na kupitisha bomba la majitaka, kisha watu wapandishe ghorofa zao.

Kwa jirani tumeafikiana: achimbe shimo lake, nasi tumwachie njia. Hela ya bati nilituma Jumatatu. Jana imekuja picha, bafu limeezekwa, mama mdogo kasimama mlangoni na ndoo. Analalamika humo ndani sasa giza.