Agosti inapoisha, tuambieni na habari za maji kujaa na kupwa

Jumanne ya wiki hii, saa moja na nusu asubuhi, redio ilikuwa juu ya kabati la jikoni nami nawafungia watoto chapati za shule. Msomaji akasema ukanda wa pwani utakuwa na vipindi vya jua, upepo wa kusini mashariki, na bahari itakuwa na mawimbi madogo hadi makubwa kiasi. Kisha akaingia kwenye usajili wa wachezaji. Bahari yote, kuanzia mpaka wa Kenya mpaka Mafia, imekwisha kwa pumzi moja. Ni maneno yale yale yaliyosomwa usiku uliotangulia, na mtoto wa dada yangu, kijana mvuvi, aliyasikia kabla hajalala.

Karibu na saa sita mchana yeye na mwenzake waliletwa ufukweni wakikokotwa na boti ya injini. Ngalawa yao ilikuwa imevunjika mrengu, ule mti wa ubavuni wa kuituliza, wa upande mmoja, tanga limelowa na kuwa zito kama gunia la chumvi. Yule mwenzake, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshika dumu lililokatwa, lile la kutolea maji chomboni, na hata alipokalishwa mchangani hakuliachia. Mama yake alimfungua vidole kimoja kimoja huku akimwita jina lake la utotoni.

Wamepona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile nina hasira ambayo haijatulia, na ndiyo inayoniandikisha haya.

Ninyi wenye pwani mnajua mwisho wa Agosti ulivyo. Tangu Juni kusi, upepo wa kutoka kusini, imefunga mlango. Vyombo vidogo vinavua ndani ya miamba, changu wa kiganja, tasi wawili watatu, na wanawake wanasubiri bamvua, maji yanapokupwa sana, wakatafute pweza. Daftari la deni dukani limejaa unga na sukari. Injini zimewekwa rehani. Halafu asubuhi moja unaamka, mivinje imenyamaza, maji yametulia mpaka upeo wa macho. Nani atabaki nyumbani? Mtu ana watoto, ana deni la miezi miwili, na bahari imemfungulia. Mimi siwezi kumwambia kijana huyo kwamba ana tamaa. Ana njaa.

Na hapo ndipo hatari ya mwisho wa kipupwe, msimu huu wa baridi, inapokaa. Julai kusi inavuma mchana kutwa, kila mtu anaiona, hakuna wa kubisha nayo. Agosti ikielekea ukingoni inalegea, lakini haijaondoka. Mgandamizo mkubwa wa hewa ule wa kusini mwa Bahari ya Hindi bado unasukuma, na joto la bara la Asia bado linavuta. Mpaka tufike tanga mbili, pepo zinapobadilishana huko Oktoba, siku tulivu ni mapumziko tu. Alfajiri umande, upepo wa kutoka nchi kavu, unakutoa nje bila jasho, tanga limejaa, unajisikia bwana. Jua likishapanda, nchi kavu inapata moto, upepo wa baharini unaungana na kusi, na njia uliyoijia kwa saa moja inakuwa ya kupigania nusu siku. Mjomba wangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, aliniambia jioni ile: "Kusi haiagi, mwanangu. Ukiona imeondoka, imekwenda kuchota maji ya kunywa tu, inarudi."

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu Jumanne, maana jambo lenyewe liko hapa.

Mwezi ulikuwa umetimia Jumapili. Kwa hiyo yalikuwa maji ya bamvua, na kwetu bamvua maana yake maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Yalijaa alfajiri, yakaanza kutoka, na vijana wakatoka nayo mtoni bila taabu. Siku hiyo kusi iliamka mapema. Walipoona povu jeupe nje ya miamba, saa nne hivi, wakafanya kile ambacho kila mtu angefanya: wakageuza kurudi nyumbani. Wakafika mdomo wa mto Pangani saa nne na nusu, maji yanakupwa kwa nguvu, mto wote unamwagika nje, na mawimbi ya kusi yanaingia ndani. Pale kwenye fungu la mchanga kina kilikuwa kimebaki kidogo. Maji yanayotoka yakikutana na mawimbi yanayoingia, tena juu ya fungu, wimbi halipiti, linasimama wima na kuvunjika. Wimbi la pili ndilo lililochukua mrengu.

Wangejua kwamba maji yatapwa mpaka karibu saa sita, wangeweza kwenda kupumzika kwenye ufuko wenye kivuli cha miamba wasubiri yajae, wakaingia alasiri na maji yanayowasukuma ndani. Upepo ule ule, mawimbi yale yale, na wangefika salama. Hilo ndilo linalonichoma. Upepo wa Jumanne haukuwa wa kupindua meli. Kilichowaponza ni upepo, maji na mahali kukutana kwa wakati mmoja, na katika yale matatu redio iliwaambia nusu ya moja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe, Juni hadi Agosti, na tahadhari zake tunazijua kwa moyo: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2, baadhi ya maeneo ya mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Sitazidharau. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, katika kusi hii hii, na aliyefiwa siku ile hatakuruhusu ucheze na onyo la upepo. Nakubali pia kwamba hakuna mtaalamu anayeweza kuona kila kijito na kila mwamba kutoka ofisini.

Lakini kujaa na kupwa hakuhitaji kubashiriwa. Ni hesabu ya mwezi na jua, inapigwa mwaka mzima kabla, majedwali yapo. Upepo ndio wa kubahatisha. Maji ni ya hakika. Kwa nini basi taarifa inayomfikia mvuvi inambebea lile la kubahatisha na kumwachia nje lile la hakika? Nataka nisikie: Pangani, maji yanakupwa mpaka saa sita, kusi inatarajiwa kuamka saa nne, mdomo wa mto usiingiwe kati ya saa tatu na saa saba. Nataka Kipumbwi itajwe, maana kutoka pale watu huvuka kwenda Mkokotoni na mizigo na watoto. Nataka Nungwi, Kigombe na Kilindoni zitajwe kwa majina. "Baadhi ya maeneo" hakuna mtu anayeishi huko.

Na saa zisomwe saa zetu, kwa maneno yetu. Bamvua, maji mafu, umande, matlai: lugha hii ilikwisha kuipima bahari kabla ya redio.

Wazee walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa kale wa pwani, siku kumi kumi, mwongo baada ya mwongo. Kule Makunduchi, Unguja, wanaoga Mwaka, ndio Nairuzi hiyo, mwezi wa Julai, kwa hiyo mwisho wa Agosti tuko mwongo wa nne hivi ukielekea wa tano. Bibi yangu alikuwa anajua mwongo wa kupanda na mwongo wa kutotoka. Si kila hesabu ya wazee inashika leo; mjomba mwenyewe anasema mvua za mchoo siku hizi haziji anapozingoja. Ila kipimo cha siku kumi kilikuwa cha akili, na wataalamu wa hali ya hewa nao hutoa taarifa za siku kumi kumi kwa wakulima, zikieleza mvua na mazao. Mkulima anastahili. Mvuvi naye apate ya kwake, inayoeleza maji, hasa katika wiki hizi sita za kusi kulegea kabla ya tanga mbili, ambapo mwelekeo wa miezi mitatu haumsaidii kitu.

 

Vijana wanachonga mrengu mpya chini ya mkungu. Yule wa miaka kumi na tisa haongei sana, lakini jana alinijia na simu akaniomba nimtafutie saa za maji. Nikaona kheri nizitafutie pwani nzima. Nimeomba ubao wa zamani shuleni, nimeupigilia kwenye nguzo ya banda la samaki, na leo asubuhi nimeandika kwa chaki:

Jumamosi. Kujaa saa mbili na nusu asubuhi.
Kupwa saa tisa kasorobo alasiri.
Kusi kuamka saa

Hapo nimeacha wazi. Mjomba amepita, ameusoma ubao, ametazama mawingu ya nje ya miamba kwa muda mrefu, kisha ameniomba chaki.