Nani Aliirushia Buenos Aires Lile Jiwe?

Kijana yuko kambini na ameamua kuacha jeshi. Anapiga simu ya video nyumbani kwao, Buenos Aires. Wazazi wamefurahi, mtoto anarudi. Mara dirishani nyuma yao giza linaingia. Mama anashangaa, baba anadhani mvua imekaribia. Picha inakatika. Haupiti muda, runinga ya serikali inatangaza kwamba mji umeteketezwa na kimondo, waliokufa ni zaidi ya milioni 8, na mhusika ni wadudu wa sayari ya Klendathu. Kijana anageuka, anaomba arudishwe kikosini.

Hiyo ni Starship Troopers, filamu ya Paul Verhoeven ya mwaka 1997. Waliokwisha kuiona wanajua ubishi ambao haujaisha mpaka leo: je, ni kweli wadudu ndio waliorusha lile jiwe, au Shirikisho linalotawala Dunia lilijipiga lenyewe ili lipate vita?

Wanaoshuku Shirikisho huanza na hesabu, na hesabu yao ni nzito. Tunaonyeshwa kwamba Klendathu iko mbali mno, upande mwingine wa galaksi. Jiwe linalokwenda kilomita 30 kwa sekunde, kasi ya kawaida tu kwa mawe ya huku kwetu, huchukua miaka kama 10,000 kumaliza mwaka mmoja wa nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka. Nyota iliyo jirani kabisa na Jua iko zaidi ya miaka 4 ya nuru kutoka hapa, na galaksi nzima ina upana wa takriban miaka ya nuru 100,000. Kwa mwendo huo, mdudu aliyelenga Buenos Aires alilenga kabla binadamu hajawahi kuwapo, achilia mbali mji wenyewe. Tena kusukuma jiwe angani si uchawi. Mwaka 2022 NASA iligongesha chombo chake kwenye jiwe liitwalo Dimorphos na kulipunguzia muda wa mzunguko kwa zaidi ya nusu saa. Dola yenye meli zinazovuka galaksi ingeshindwa?

Halafu kuna suala la nani alinufaika. Katika dunia ya filamu hii, haki ya kupiga kura hupewa aliyemaliza utumishi wa Shirikisho. Serikali ya namna hiyo isipokuwa na adui itaajiri askari wa nini? Na jibu la nani kafanya lilitoka haraka mno, moshi haujatulia.

Upande wa pili nao una la kusema, ingawa mara nyingi watetezi wake hulisema vibaya. Hukimbilia kwenye ukatili wa wadudu, kana kwamba ukali wa nyuki ni ushahidi kwamba ndiye aliyekata umeme. Hoja yao bora ni nyingine. Meli za vita zinapofika Klendathu, wadudu wakubwa wanarusha plazma, yaani gesi ya moto mkali mno, kutoka ardhini na kuzipasua zikiwa angani. Kumbe uwezo wa kutupa kitu nje ya sayari wanao, tunauona kwa macho yetu. Na ile hesabu ya miaka ya nuru, niliyoipenda sana mwanzoni, ina tundu: meli za binadamu katika filamu hiyohiyo zinakwenda Klendathu na kurudi bila rubani kuota mvi. Hadithi iliyokwisha kutupilia mbali kikomo cha mwendo wa nuru kwa ajili ya meli haiwezi ghafla kukibana kwa ajili ya jiwe. Ukimruhusu mmoja, mruhusu na mwenzake.

Riwaya ya Robert Heinlein ya mwaka 1959, iliyozaa filamu, haina utata huu. Humo wadudu wana meli na silaha zao, Buenos Aires inapigwa na wao, basi. Ila ushahidi wa kitabu hauwezi kutumika dhidi ya filamu, kwa sababu Verhoeven alichukua hadithi na kuigeuza kuwa kejeli dhidi ya ufashisti.

Kinachonizuia kujiunga na wanaoshuku njama ni hayohayo mashambulizi ya plazma. Makamanda waliambiwa moto kutoka ardhini utakuwa hafifu na wa kubahatisha. Wakaegesha meli zao zimebanana angani, zikaangushwa kama maembe. Wakafa watu 100,000 kwa saa moja, na mkuu wa majeshi akajiuzulu. Je, hawa ndio waliopanga kwa siri, wakalenga mji mmoja kutoka mbali, wakaupata, na asitoke hata mmoja wa kuropoka? Njama inahitaji watu makini. Filamu nzima inatuonyesha watu wanaojiamini kuliko wanavyojua kazi.

Kuna tukio ambalo pande zote mbili hulipita mbio. Kabla ya mji kuangamia, meli ya anga Rodger Young, ambayo rubani wake kijana amebadilisha njia ili wafike upesi, inakutana na mwamba mkubwa gizani. Anaukwepa kwa ufundi, ila unaondoka na mnara wa mawasiliano, kwa hiyo onyo haliwezi kutumwa. Hapo hakuna mdudu wala jasusi. Kuna jiwe linalopita, meli iliyobahatika kuliona, na kifaa kilichovunjika. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo picha iliyo karibu zaidi na kilichotokea: ajali, au angalau jambo ambalo hakuna aliyelichunguza kabla ya kulipa jina.

Wanaotafuta mfano wa kihistoria hupenda Gleiwitz, Agosti 31, 1939, Wanazi walipojifanya Wapolandi na kuvamia kituo chao wenyewe cha redio ili wapate kisingizio. Mimi naona mfano wa karibu zaidi ni meli ya Marekani, Maine, iliyolipuka bandarini Havana Februari 1898 na kuua mabaharia zaidi ya 260. Magazeti yaliitupia Hispania lawama, na vita vikaanza Aprili. Mwaka 1976 uchunguzi ulioongozwa na Admirali Hyman Rickover ulisema huenda ni moto wa makaa ya mawe ndani ya meli yenyewe. Hakuhitajika mwongo wa kuilipua. Walihitajika watu ambao tayari walikuwa wanataka vita. Verhoeven mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka 6 mjini The Hague mnamo Machi 1945, ndege za Uingereza zilipolenga mitambo ya makombora ya Wajerumani, zikakosea na kupiga mtaa wa Bezuidenhout. Walikufa watu zaidi ya 500, na waliorusha mabomu walikuwa wakombozi.

Wala Shirikisho halitoki safi hata jiwe likiwa la ajali. Kabla ya Buenos Aires walowezi wa kibinadamu walikwenda kujenga ndani ya eneo la wadudu lililopigwa marufuku, wakachinjwa, na maiti zao zikaonyeshwa kwenye runinga. Ugomvi ulikuwa umeshapikwa.

Kinachonishangaza ni kwamba jibu lilikuwa palepale chini. Mawe yaliyozaliwa na Jua letu hutambulika maabara kwa uwiano wa isotopi za oksijeni (atomi zake zenye uzito tofauti) na kwa umri wake, takriban miaka bilioni 4.5. Jiwe la nyota nyingine lingejulikana. Kipande kimoja tu kutoka kwenye lile shimo kingetosha kuonyesha kama lilitoka mbali au lilikuwa la hapahapa. Katika filamu nzima hakuna anayeinama kukiokota. Tukio linalofuata ni askari wakipanda meli.